Serikali ya James Callaghan, 1976–1979: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tukitaja siasa za Uingereza za miaka ile, jina la kwanza mdomoni ni Margaret Thatcher. Aliyemtangulia husahaulika, au hukumbukwa kwa takataka zilizorundikana mitaani London. Ni haki kidogo kumrudia, kwa sababu alikaa madarakani miaka mitatu na mwezi mmoja, na karibu muda wote huo hakuwa na wabunge wa kutosha kupitisha jambo lolote kwa nguvu zake mwenyewe.

Kwanza kabisa, James Callaghan alikuwa nani?

Alizaliwa Portsmouth mwaka 1912. Baba yake alikuwa baharia wa jeshi la majini, akafariki mtoto akiwa na miaka tisa, na familia ikaishi kwa shida. Hakusoma chuo kikuu. Alianza kazi kama karani wa kodi, akapanda ngazi kupitia chama cha wafanyakazi, akatumikia jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1945 akachaguliwa mbunge wa Cardiff kwa tiketi ya chama cha Labour.

Kabla ya kuwa Waziri Mkuu alikuwa ameshashika wizara tatu kubwa: Fedha (1964–1967), Mambo ya Ndani (1967–1970) na Mambo ya Nje (1974–1976). Hakuna mwingine katika historia ya Uingereza aliyeshika zote tatu pamoja na uwaziri mkuu. Hili si pambo la wasifu tu. Alipoketi kwenye kiti kikubwa, hapakuwa na waziri aliyeweza kumtisha kwa utaalamu wa wizara yake.

Kwa kifupi, serikali yake ilikuwa imara au iliyumba?

Bungeni iliyumba tangu wiki ya kwanza. Ndani ya Baraza la Mawaziri ilikuwa imara kuliko serikali nyingi zilizojaliwa wabunge tele. Wanaoijadili huchanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana majibu yao hupingana.

Maoni yangu ni kwamba serikali ile ilisimama kwa sababu kila chama kidogo bungeni kilikuwa na kitu kinachokingojea. Waliberali walikuwa na chao, wa Scotland chao, wa Wales chao, Wamuungano wa Ireland ya Kaskazini, wanaotaka eneo lao libaki chini ya Uingereza, chao. Mkono mtupu haulambwi, na Callaghan alihakikisha mkono wake hauwi mtupu. Ulipokuja kubaki mtupu, Machi 1979, hakumaliza mwezi.

Aliingiaje madarakani bila uchaguzi mkuu?

Harold Wilson alitangaza kujiuzulu tarehe 16 Machi 1976, jambo lililowashtua karibu watu wote. Kwa utaratibu wa Labour wa wakati huo, kiongozi alichaguliwa na wabunge wa chama peke yao. Walijitokeza sita. Raundi ya kwanza aliongoza Michael Foot wa mrengo wa kushoto kwa kura 90, Callaghan akapata 84. Wengine walipoanza kujitoa, kura zao zikamwendea Callaghan, na raundi ya tatu akashinda 176 kwa 137. Tarehe 5 Aprili akaingia 10 Downing Street.

Alichofanya baada ya ushindi kinaeleza mengi. Foot, mpinzani wake, hakumweka pembeni. Alimpa kazi ya kuongoza shughuli za serikali bungeni. Kuanzia hapo mrengo wa kushoto ulikuwa na mtu wake jikoni, na mtu huyo alibaki mwaminifu mpaka usiku wa mwisho. Barbara Castle hakubahatika hivyo. Aliondolewa wizarani mara moja, na hakumsamehe.

Labour si ilishinda uchaguzi wa Oktoba 1974? Wingi wake ulipotelea wapi?

Ilishinda, lakini kwa uzi mwembamba: viti 319 kati ya 635. Ukijumlisha wengine wote unapata 316, kwa hiyo tofauti ni tatu. Ugonjwa, msiba au hasira ya mtu mmoja ulitosha kuharibu hesabu.

Na hasira zilikuwepo. Jim Sillars na mwenzake mmoja kutoka Scotland walijitenga mwaka 1976 wakaanzisha chama chao, wakidai serikali inasuasua kuhusu madaraka ya Scotland. Kuna pia kisa cha John Stonehouse, ambacho ukikisikia mara ya kwanza utadhani ni hadithi ya kutungwa. Aliwahi kuwa waziri. Novemba 1974 aliacha nguo zake ufukweni Miami ili ionekane amezama baharini, kumbe amekwenda Australia na jina la mtu mwingine. Polisi walimkamata Melbourne mwezi uliofuata. Aliendelea kuwa mbunge huku kesi ya udanganyifu ikimsubiri, na Aprili 1976, siku chache tu baada ya Callaghan kuapishwa, akakihama chama. Wingi wa serikali ukaondoka naye.

Chaguzi ndogo zikamalizia kazi. Workington na Walsall North, hii ya pili ikiwa jimbo la Stonehouse mwenyewe, zote zilikwenda kwa Conservative (Wahafidhina), chama kikuu cha upinzani, siku moja Novemba 1976. Aprili mwaka uliofuata likaanguka Ashfield, ngome ya wachimba makaa ya mawe ambako Labour ilikuwa imeshinda kwa zaidi ya kura 22,000. Kura zote hizo ziliyeyuka katika uchaguzi mdogo mmoja.

Ni kweli mbunge alinyanyua siwa?

Kweli. Ilikuwa usiku wa tarehe 27 Mei 1976, wabunge wakijadili muswada wa kutaifisha viwanda vya ndege na meli. Hoja ya upinzani ya kuukwamisha ilipata 303 kwa 303, na Spika George Thomas, akifuata desturi, akaipigia kura ya kuikataa. Kura iliyofuata serikali ikashinda 304 kwa 303.

Upinzani ukawaka moto. Bunge lile lina utaratibu wa kuoanisha wabunge: wa upande mmoja akiwa mgonjwa au safarini, mwenzake wa upande wa pili naye hapigi kura, na mizani inabaki ilivyo. Wahafidhina walidai kwamba mbunge mmoja wa Labour aliyekuwa ameoanishwa alikuwa ameingia akapiga kura. Upande wa serikali wakaanza kuimba wimbo wa chama chao kwa kejeli. Michael Heseltine, msemaji wa Conservative kuhusu viwanda, akaenda mezani, akaiinua siwa, ile fimbo ya mamlaka ya Bunge, na kuwaelekezea nayo waimbaji. Wenzake wakamnyang'anya. Kikao kikaahirishwa, kesho yake akaomba radhi, lakini ile tabia ya kumtania kwa jina la Tarzan ikawa imepata nguvu mpya.

Kisa hiki huchekesha, ila madhara yake hayakuwa ya kuchekesha hata kidogo. Wahafidhina walisitisha kuoanisha kwa muda. Maana yake wabunge wagonjwa wa Labour waliletwa bungeni kwa gari la wagonjwa, wakahesabiwa wakiwa wamelala humo humo ndani ya uzio wa Bunge. Utaratibu wa Bunge uliruhusu: ukiwa ndani ya eneo la Bunge na uko hai, kura yako inahesabika.

Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulikaribia vipi kuivunja serikali?

Hapa ndipo naona Callaghan alikuwa bora kuliko wakati mwingine wowote.

Mwaka 1976 pauni ilikuwa ikiporomoka. Tarehe 28 Septemba Waziri wa Fedha, Denis Healey, alikuwa uwanja wa ndege wa Heathrow akielekea mikutano ya nje. Akageuza, akarudi mjini. Siku hiyo hiyo Callaghan aliuambia mkutano mkuu wa Labour huko Blackpool kwamba ile njia ya kutumia fedha za serikali ili kujikwamua kwenye mdororo wa uchumi haipo tena. Ukumbini palikuwa baridi. Serikali ikaomba dola bilioni 3.9, mkopo mkubwa kuliko wowote ambao shirika hilo lilikuwa limewahi kuombwa.

Masharti yalikuwa yale yale ambayo nchi za Afrika zilikuja kuyazoea miaka michache baadaye: kupunguza matumizi. Baraza la Mawaziri likagawanyika mapande matatu. Healey alitaka masharti yakubaliwe. Anthony Crosland wa Mambo ya Nje aliona hayana sababu kiuchumi. Tony Benn alitaka nchi ijifungie, idhibiti bidhaa zinazoingia. Benn hata aliwagawia wenzake kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri vya mwaka 1931, mwaka ambao serikali ya Labour ya Ramsay MacDonald ilivunjika kwa ugomvi wa aina hiyo hiyo. Kila aliyezisoma alijua anaambiwa nini.

Callaghan hakulazimisha. Aliwaacha waseme. Vikao vikafuatana Novemba na Desemba, kila waziri akaeleza hoja yake na kuhojiwa na wenzake, na Waziri Mkuu akawa kimya kuhusu msimamo wake kwa muda mrefu. Hoja ya Benn ilichambuliwa mpaka ikabaki haina watetezi wengi. Mwishoni, aliposema kwamba anamuunga mkono Waziri wa Fedha, Crosland alikubali, si kwa sababu ameshawishika bali kwa sababu kumpinga Waziri Mkuu hadharani kungeiangusha serikali. Matumizi yakakatwa, sehemu ya hisa za serikali katika kampuni ya mafuta ya BP zikauzwa, na Baraza la Mawaziri halikusambaratika.

Linganisha na 1931. Chama kile kile na ugomvi wa aina ile ile, ila safari hii serikali ilitoka mzima. Mkopo wenyewe haukutumika wote.

Makubaliano na Waliberali yalikuwaje?

Februari 1977 serikali ilishindwa kupitisha hoja ya kuwekea muda mjadala wa muswada wa ugatuzi wa Scotland na Wales, 312 kwa 283, kwa sababu wabunge wake wenyewe kadhaa waliasi. Mwezi uliofuata, ikijua itashindwa katika kura kuhusu matumizi ya serikali, ikaamua kutopiga kura kabisa. Thatcher, wakati huo kiongozi wa upinzani, akaona nafasi, akawasilisha hoja ya kutokuwa na imani, ijadiliwe tarehe 23 Machi.

Callaghan alikuwa na siku chache za kutafuta kura. Alimgeukia David Steel, kijana wa miaka 38 aliyekiongoza chama cha Liberal chenye wabunge 13. Chama hicho kilikuwa kimetoka kwenye kashfa ya kiongozi aliyetangulia, Jeremy Thorpe, na uchaguzi wa ghafla ungekimaliza. Kwa hiyo wote wawili waliuogopa uchaguzi, na hofu ya pamoja ni gundi nzuri.

Hawakuunda serikali ya mseto. Hakuna Mliberali aliyepewa uwaziri. Walichopata ni kamati ya pamoja ya mashauriano chini ya Foot, mikutano ya Healey na msemaji wao wa uchumi, John Pardoe, na ahadi kwamba suala la ugatuzi na la kuwachagua moja kwa moja wabunge wa Bunge la Ulaya yataletwa tena. Serikali ikashinda 322 kwa 298. Makubaliano yakadumu hadi kiangazi cha 1978.

Waliberali walipata nini hasa? Ukiniuliza, kidogo sana. Callaghan alipata zaidi ya mwaka mmoja wa utulivu, na katika muda huo mfumuko wa bei, uliokuwa umepita asilimia 26 mwaka 1975, ulishuka hadi chini ya 8 katikati ya 1978.

Na vyama vingine vidogo?

Wazalendo wa Scotland walikuwa 11 na wa Wales watatu. Wote walingojea ugatuzi, na mradi muswada ulikuwa njiani, kuiangusha serikali kungekuwa kujikata mkono. Wamuungano wa Ireland ya Kaskazini walilalamika kwamba eneo lao lina viti 12 tu ilhali idadi ya watu wake inastahili zaidi. Serikali ikakubali viongezwe hadi karibu 17.

Tatizo la ahadi za namna hii ni kwamba ukizitimiza, umemaliza mtaji. Sheria ya viti vya Ireland ya Kaskazini ilikamilika Machi 1979, na tangu siku hiyo Wamuungano wengi hawakuwa na sababu ya kungoja chochote kutoka kwa Callaghan. Papo hapo Gerry Fitt, mbunge wa Wakatoliki wa Belfast Magharibi ambaye siku zote alikuwa rafiki wa Labour, alichukizwa na nyongeza ile ile. Zawadi moja ikawa imeacha marafiki wapya bila deni, na kumpoteza wa zamani.

Kwa nini hakuitisha uchaguzi Oktoba 1978?

Swali hili huulizwa kuliko yote. Uchumi ulikuwa umetulia, kura za maoni zilikuwa zimekaribiana, na yeye binafsi alipendwa kuliko Thatcher. Vyama vya wafanyakazi, magazeti, hata mawaziri wake wengi walidhani uchaguzi uko mlangoni.

Tarehe 5 Septemba, kwenye mkutano wa vyama vya wafanyakazi Brighton, alisimama jukwaani akaimba kipande cha wimbo wa zamani wa kumbi za burudani, kuhusu bibi harusi aliyeachwa akingoja kanisani. Wasikilizaji wakacheka bila kujua nani anayeachwa. Siku mbili baadaye alitangaza kwenye televisheni kwamba hakuna uchaguzi mwaka huo. Bibi harusi walikuwa wao.

Sababu yake ilikuwa ya kihesabu. Alikuwa ameketi shambani kwake Sussex akipitia majimbo, akaona matokeo ya karibu zaidi ni bunge jingine lisilo na mshindi. Alikwisha choka na maisha hayo, na alidhani mwaka 1979 mambo yatakuwa bora. Wengine husema ni kosa kubwa kuliko yote aliyofanya. Mimi naona kosa lilikuwa namna alivyofanya zaidi ya uamuzi wenyewe: viongozi wa wafanyakazi walijiona wamechezewa, na wao ndio aliowahitaji miezi mitatu baadaye.

Majira ya baridi ya 1978–1979, yale ya migomo, yalikuwa mabaya kiasi gani?

Serikali ilitaka nyongeza za mishahara zisizidi asilimia 5, wakati bei zilikuwa zikipanda kwa karibu 8. Wafanyakazi walikuwa wamevumilia vikwazo vya mishahara miaka mitatu mfululizo. Wa viwanda vya magari vya Ford waligoma Septemba, wakapata takriban asilimia 17. Baada ya hapo nani angekubali tano?

Desemba serikali ilijaribu kuziadhibu kampuni zilizovuka kiwango, Bunge likakataa. Januari 1979 wakagoma madereva wa malori, na tarehe 22 wafanyakazi wa umma kama milioni moja na nusu wakasusia kazi kwa siku moja. Leicester Square, katikati ya London, ikawa jalala. Liverpool wachimba makaburi waligoma, na maiti zikahifadhiwa katika kiwanda kimoja kilichokuwa hakitumiki eneo la Speke. Picha hiyo ya maiti kukosa kuzikwa ndiyo iliyowauma watu, na Conservative waliitumia kwenye kampeni kwa miaka mingi.

Alisema "Mgogoro? Mgogoro gani?"

Hapana. Maneno hayo ni kichwa cha habari cha gazeti la The Sun cha tarehe 11 Januari 1979. Siku moja kabla, Callaghan alikuwa ametua Heathrow akitoka kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Guadeloupe, kisiwa cha jua na bahari, huku nyumbani kukiwa na theluji na migomo. Mwandishi alipomuuliza kuhusu vurugu zinazoongezeka, alijibu kwamba hadhani watu wengine duniani wangekubaliana na mtazamo huo. Jibu lilikuwa baya vya kutosha lenyewe. Gazeti lililifupisha, na ufupisho ndio uliobaki vichwani mwa watu.

Kwa hiyo migomo ndiyo iliyoiangusha serikali?

Iliangusha umaarufu wake. Serikali yenyewe iliangushwa na kura ya maoni ya Scotland.

Tarehe 1 Machi 1979 Waskoti walipiga kura kuhusu kuwa na baraza lao la kutunga sheria. Waliokubali walikuwa asilimia 51.6. Lakini mwaka mmoja nyuma George Cunningham, mbunge wa Labour mwenyewe, alikuwa amepenyeza sharti kwamba waliokubali lazima wafikie asilimia 40 ya wapigakura wote walioandikishwa. Walifika kama 33 tu. Wales walikataa kwa kishindo, karibu wanne kwa kila watano.

Sasa Wazalendo wa Scotland hawakuwa na la kungoja. Waliwasilisha hoja ya kutokuwa na imani, na Thatcher akawahi kuleta ya kwake. Callaghan aliwaambia bungeni kwamba ni mara ya kwanza kuona bata mzinga, ambao Waingereza huwachinja Krismasi, wakipiga kura Krismasi ije mapema. Bunge likacheka. Katika uchaguzi uliofuata wabunge wao 11 wakabaki wawili.

Usiku wa 28 Machi 1979 ulikwendaje?

Wanadhimu, wale wabunge wenye kazi ya kuhakikisha wenzao wanafika na kupiga kura, walikuwa wamehesabu na kuhesabu tena, na kila mara jibu lilikuwa sare au tofauti ya moja. Wahudumu wa migahawa ya Bunge walikuwa wamegoma, kwa hiyo wabunge walikesha na njaa.

Watatu wa Wales walikubali kuiunga mkono serikali baada ya kuahidiwa fidia kwa wachimba mawe ya vigae waliougua mapafu kwa vumbi. (Sheria hiyo ilipitishwa siku chache baadaye, serikali ikiwa imekwisha anguka. Ahadi ilitimizwa.) Wamuungano wawili wa Ireland ya Kaskazini wakaja upande wa serikali. Gerry Fitt alisimama akaeleza kwa uchungu kwa nini hawezi tena. Frank Maguire, mwenye baa na mbunge wa kujitegemea ambaye alionekana London kwa nadra, alisafiri kutoka Fermanagh, na alipoulizwa akasema amekuja ili asipige kura akiwepo mwenyewe.

Akabaki Sir Alfred Broughton, mbunge wa Batley na Morley, mgonjwa mahututi huko Yorkshire. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kusafirishwa. Madaktari walionya kwamba anaweza kufia njiani. Walter Harrison, naibu mnadhimu wa Labour, alimwendea mwenzake wa Conservative, Bernard Weatherill, kumkumbusha kuoanisha. Weatherill akamjibu kwamba desturi hiyo haijawahi kuhusu kura ya imani, na hatampata Mhafidhina wa kukubali. Lakini kwa kuwa alikuwa ametoa neno lake kama muungwana, yuko tayari yeye mwenyewe asipige kura. Harrison alijua kwamba hilo lingemmaliza mwenzake kisiasa. Akakataa. Wenyewe walikisimulia kisa hiki miaka mingi baadaye.

Na Callaghan aliamua Broughton asiletwe.

Kura zilipohesabiwa, kwa dakika chache Labour walidhani wameshinda. Kisha ikasomwa: 311 kwa 310. Ilikuwa serikali ya kwanza kuangushwa kwa kura ya imani tangu 1924. Broughton alifariki tarehe 2 Aprili, siku tano baadaye.

Broughton angefika ingekuwaje?

Sare, 311 kwa 311; au 310 kwa 310 kama asingefika na Weatherill asingepiga kura kama alivyojitolea. Katika sare, Spika kwa desturi hupiga kura ya kuacha mambo yalivyo, kwa hiyo hoja ingeanguka. Serikali ingesogea miezi michache zaidi, kwani uchaguzi ulikuwa lazima ufanyike kabla ya mwisho wa 1979. Sioni kama matokeo yangebadilika. Uchaguzi wa 3 Mei uliwapa Conservative viti 339, Labour 269.

Ana uhusiano gani na Afrika Mashariki?

Zaidi ya mmoja, na si wote wa kujivunia. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kukimbilia huko kwa wingi, alisukuma sheria ya kuwazuia, na Bunge likaipitisha ndani ya siku chache. Pasipoti zao zikawa karatasi tu. Familia nyingi za Nairobi na Mombasa zilikwama kati ya nchi mbili, na wanahistoria wanaomsifu kwa ungwana hawapaswi kuliruka hili.

Julai 1975, akiwa Mambo ya Nje, aliruka hadi Kampala kumwomba Idi Amin amwachie Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo kwa kumwandika Amin vibaya. Alirudi naye. Mwaka mmoja baadaye, baada ya uvamizi wa Entebbe, serikali ya Callaghan ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uganda. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliopigana nayo yalipoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, Callaghan alikuwa kwenye kampeni ya uchaguzi. Alikuwa ameanguka wiki mbili kabla ya Amin.

Alikwenda wapi baada ya hapo?

Aliendelea kuongoza Labour hadi mwaka 1980, akabaki mbunge hadi 1987, kisha akaingia Bunge la Mabwana. Alifariki tarehe 26 Machi 2005, siku moja kabla ya kutimiza miaka 93.

Je, kuna serikali nyingine ya Uingereza iliyoanguka hivyo tangu 1979?

Bado. John Major aliponea chupuchupu mwaka 1993 kuhusu mkataba wa Maastricht wa Umoja wa Ulaya, na Theresa May, naye akiwa hana wingi bungeni, alishinda kura ya imani Januari 2019 kwa 325 dhidi ya 306. Miaka ya karibuni mawaziri wakuu kadhaa wa Uingereza wameondolewa na wabunge wa vyama vyao wenyewe, kabla upinzani haujapata nafasi ya kuhesabu kura.